Kikombe Kimekwisha

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano asubuhi

Kwa mamangu mpenzi, Bi Khairiya,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mikono yote miwili, na magoti pia, maana najua ndiyo yanayokusumbua zaidi. Yameamkaje? Yale mafuta ya habasoda aliyokuletea Umair unayapaka, au umeyaweka kabatini yawangoje wageni? Mimi mwanao Maisara ni mzima kwa uzima wa mja mzito, alhamdulillahi, na mjukuu wako anacheza. Mume wangu Umair anakusalimu, na mamake, mavyaa wangu Bi Zohra, anakusalimu sana.

Najua utashangaa barua ni ya nini, nami niko Mji wa Kale na wewe uko Majengo hapo. Lakini mama, nawe unajijua. Nikikupigia simu unaiweka sauti ya juu, wanawake waliokuja kunywa chai yako wote wanaitikia salamu zangu, na kabla sijafika kwenye maneno ushawaambia, "Huyo ndiye mwanangu, yuko mwezi wa tisa, mtaona mambo." Basi nasema niko salama, nakata. Kuja siwezi, nimekatazwa ngazi, na wewe kwa magoti hayo huwezi kupanda hadi huku ghorofa ya tatu. Barua hii anakuletea jirani yako Janet, yule muuguzi. Vaa miwani uisome mwenyewe chumbani, usimpe mtu akusomee.

Mama, tangu ulipoanza kunipikia chai ya siku za mwisho, sijatoka nyumba hii ila kwenda hospitali. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Nasikia watu wakipita uchochoroni, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na simwoni hata mmoja. Saa kumi Umair anarudi kutoka ofisini kwao Kilindini, keshapitia kwako kuchukua chupa ya chai. Nikisikia pikipiki yake, roho inaniruka.

Maana wakumbuka ulivyomwambia mavyaa wangu siku ya kwanza. Ulimwambia, "Mwanangu huyu tangu utotoni dawa huimwaga dirishani, basi chai hii nakuachia amana, mkalie mbele anywe, nawe usinyanyuke mpaka uone chini ya kikombe." Ulimjua uliyempa. Bi Zohra ukimpa amana ya sindano, atailinda mpaka kiama. Kila alasiri akawa analeta kiti chake, anakaa mkabala nami, tasbihi mkononi. Nikimaliza anachungulia kikombe. Ukipiga simu kuuliza, anakujibu, "Kikombe kimekwisha, Bi Khairiya, nimekiona kwa macho yangu." Nilimchukia, mama, Mungu anisamehe.

Wiki ya kwanza niliinywa yote. Tangawizi, mdalasini, pilipili manga, na ile mizizi yako usiyomtajia mtu jina. Sikuwa na neno. Nimekua nikiwaona wanawake wakija kwako wameshika viuno, na wakishajifungua wanakuletea halua. Kisha asubuhi moja nikaona damu. Haikuwa nyingi. Umair akanipeleka hospitali, nikapigwa picha ya tumbo, daktari akanieleza pole pole. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia anayotokea mtoto. Hakuilaumu chai, alisema liko hapo tangu mwanzo. Lakini uchungu ukianza, kondo litabanduka kabla ya mtoto kutoka, na damu itakayomwagika inaweza kutuchukua sote wawili. Nipumzike, nisinywe kitu chochote cha kuamsha uchungu, na siku ikifika nipasuliwe.

Nilimtuma Umair akwambie. Masikini, alikaa hapo kibarazani kwako, na mbele ya wanawake wale wote akaona haya kutaja damu na kondo. Akasema tu kwamba daktari anataka nipasuliwe. Nawe ukacheka. Ukamwambia wanaopasuliwa ni waliobakisha chai kikombeni, na wa kwako habakishi. Kesho yake chupa ikaja kubwa zaidi, ya vikombe viwili.

Ningefanya nini, mama? Neno hilo la kubakisha nimelisikia tangu sijajua kusoma. Kila aliyepasuliwa mtaani ulimsema hivyo, watu wakakubali, na mwenyewe akainamisha kichwa. Sasa mimi ndiye mwanao wa pekee, ndiye kibao chako cha dukani. Nikipasuliwa, watakucheka wewe. Nikinywa, huenda nikafa. Huku nimefungiwa na huku nimefungiwa. Nilifika hadi kusema uongo kwamba nalipa saumu za Ramadhani ili alasiri inipite. Mavyaa akaifunika chupa kwa kitambaa, akaja nayo magharibi pamoja na tende.

Hapo nikalia. Nikamwambia yote, hata maneno ya daktari tuliyokuwa tumemficha, nikijua atanyanyua simu anisemee kwako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama Umair anajua, nikasema anajua. Akaiweka tasbihi chini, akasema, "Mamako ataniuliza kama kikombe kimekwisha. Mimi sijamwambia uongo mtu wa rika langu, wala sitaanza na mama wa mkaza mwanangu." Akakivuta kikombe, akasema bismillahi, akakinywa chote. Kisha akamimina cha pili.

Ndiyo, mama. Chai yako ameinywa mavyaa wangu. Tangu siku hiyo ni yeye, kila alasiri, vikombe viwili, mtu mzima mwenye presha, aliyeacha kuzaa kabla mimi sijaingia shule. Anatoka jasho mpaka mtandio unalowa. Tumbo likimsokota anasema kwa Kigujarati maneno ambayo Umair anakataa kunifasiria. Mwanzo tulicheka, wallahi tulicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini jana kichwa kilimzunguka, akashikilia ukuta, na bado akanyoosha mkono kukitaka cha pili. Nikaona basi. Siwezi kumwua mwanamke huyu kwa sababu nakuonea haya wewe.

Kesho asubuhi, inshallah, nitapasuliwa. Naogopa, mama. Kisu nakiogopa, lakini zaidi naogopa utakaa Majengo na hasira zako, na arubaini yangu niimalize huku nikitazama ukuta wa jirani. Nataka uji wa uzazi unipikie wewe. Nataka radhi zako kabla sijaingia, nizisikie kwa sauti yako, uniwekee mkono kichwani. Wodi ya wazazi iko chini, hakuna ngazi hata moja. Nimemwuliza Janet, na yeye atakushika mkono mpaka kitandani. Njoo na zile kanga ulizomwekea mjukuu wako.

Na huko kibarazani wakikuuliza kama mwanao alibakisha, wajibu na kichwa chako juu. Halikubaki hata tone.

Nisalimie majirani wote, na wale wanawake wa chai uwaambie nawaombea salama, nao waniombee. Umair anakubusu mkono na anakutaka radhi kwa kushindwa kusema siku ile. Mungu akuweke, mama, akupe nguvu ya magoti, na atukutanishe kesho kwa heri.

Wasalaam.
Mwanao,
Maisara

Bi Zohra hapa ananiambia nisisahau: amana yako anakurudishia. Chupa anayo Janet, ameiosha mwenyewe. Anakuomba, tafadhali, usiijaze.