Nuksi ya Awamu ya Nane

Jumatano, 12 Juni
Eti pikiniki! Wale wapuuzi wa jukwaa la besiboli wameamua tukutane ana kwa ana Jumamosi. Tuchome soseji kwenye maegesho ya uwanja, halafu tuingie kuitazama timu yetu, Korongo. Miaka yote tumetukanana vizuri mtandaoni, kila mtu akiwa kwake — kuna ubaya gani? Nimewajibu siendi ng'o. Nimeshanunua viazi vya saladi.

Ijumaa, 14 Juni
Dada yangu Maribeth kapiga simu. Eti, "Verna, hao si marafiki, ni majina tu." Nikamwambia anipishe. Tangu mume wangu Harlan afariki yeye hunikumbuka sikukuu hadi sikukuu. Hao majina huniuliza kila asubuhi nimeamkaje. Ni wajinga, lakini wanauliza.

Jumamosi, 15 Juni
Mungu wangu, watu gani hawa! Wanaume wazima na vitambi vyao, wamejibandika vifuani majina ya mtandaoni. Yule "Mwewe Mkali" anayenisumbua na takwimu zake — kumbe kijitu kifupi, sauti ya kifaranga, machozi yanamtoka kwa moshi wa jiko. Akanikumbatia!

"Bi Pilipili mwenyewe! Nilidhani una pembe."

Nikamwambia nami nilidhani ana shingo. Akacheka mpaka akapaliwa na bia. Soseji zao mbichi ndani. Saladi yangu waliifuta yote, angalau ulimi wanao. Gunnar, mng'oa meno, ndiye mwenye jukwaa. Kapanda juu ya ndoo, katoa hotuba. Nani kamwomba?

Tukaingia. Kijana wetu Teodoro anatupa mpira kama ana ugomvi nao. Awamu ya tano, wapinzani hawajampiga hata mpira mmoja wa maana. Ya sita, hola. Ya saba, hola! Na hapo ndipo wenzangu walipopata wazimu. Mtupaji kumaliza awamu zote tisa bila kupigwa ni nadra, na jambo kama hilo halitajwi likiwa linaendelea — ukilitaja umelitia nuksi. Hakuna kuhama kiti. Mwewe kaanza habari za paka wake. Gunnar kaulizia bei ya nyanya. Watu wenye digrii zao!

Nikavumilia. Awamu ya nane nikashindwa. Nikasema kwa sauti, "Jamani, kijana hajapigwa hata mmoja! Kwani tuko msibani?"

Mpira uliofuata — pwaa! Ukapigwa safi, ukaangukia katikati ya uwanja.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Gunnar kavua kofia. Mwewe kanitazama, kasema taratibu, "Ah, mama. Ah, mama." Nimeosha bakuli langu mwenyewe, nimeendesha gari mwenyewe hadi nyumbani.

Jumapili, 16 Juni
Wanapiga kura! Kunihusu MIMI! Wanifungie jukwaani msimu mzima au wasinifungie. Gunnar anasema ndiyo sheria, hata angekuwa mama yake mzazi. Yaani wanaamini mdomo wangu, kule juu kwenye viti, ulisukuma gongo la mtu aliye uwanjani. Mfyuu! Kura zinafungwa kesho kutwa Ijumaa — sijui hata naandika nini, Ijumaa ijayo. Wanifungie tu. Nitafuma sweta.

Jumatatu, 17 Juni
Sijui kufuma.

Jumanne, 18 Juni
Hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Nimeamka vibaya, kama wangetaka kujua.

Alhamisi, 20 Juni
Leo Teodoro anatupa tena, ugenini. Redio sikuwasha. Si kwamba naamini upuuzi wao — nina shughuli zangu. Nimefungua jukwaa kuchungulia tu. Kura bado zinavutana, na hadi kesho naruhusiwa kuandika.

Siku za mechi huwa wanabwata humo mpaka kichwa kinauma. Leo Mwewe anasema kwake mvua inanukia. Gunnar anatafuta dawa ya wadudu wa mawaridi. Mwingine anasifia vitunguu vyake. Mechi inaendelea, na hakuna anayeitaja. Hata mmoja!

Tena? Kijana yuleyule? Awamu ya ngapi? Siulizi. Sithubutu!

Nimeandika: "Huku kwangu jua bado linawaka."

Nimetuma. Mkojo umenibana vibaya, na kwenye kiti hiki siinuki.