Vibendera vya Harro

Kiel, 11 Novemba 1945

Mkwe wangu Wiebke,

Watu wengi walikosea: nyambizi iliporudi bandarini walihesabu vibendera vyeupe, kimoja kwa kila meli iliyozamishwa. Mimi nilihesabu vichwa vya mabaharia, kisha nikamtafuta mwanangu katikati ya zile ndevu zote.

Huku baridi imeanza, viazi ni vichache. Koti la Harro bado liko msumarini. Nalikung'uta kila Jumapili.

Unakumbuka aliporudi na vibendera vitano, ukashangilia? Jikoni aliniambia, "Mama, mwambie mke wangu asipige makofi. Kila kibendera kina akina mama wanaongoja kama wewe."

Nikamjibu, "Kunywa supu kwanza, nahodha. Unanuka dizeli." Sikukuambia, na hilo ni kosa langu.

Umeniuliza kwa nini mumeo hakuandikii kutoka kambi ya wafungwa wa vita, kule Kanada. Jana barua yake ilinifikia mimi. Anadhani ulimpenda yule wa vibendera, na kwamba hutamtaka huyu anayerudi mikono mitupu. Nina miaka sabini na mitatu. Natamani kuwaona tena mezani pangu, wote wawili.

Anwani yake nimeiweka humu. Mwandikie leo.

Mama mkwe wako,
Frauke