Asidi Ndiyo Mgeni

Ng'ambo, Tabora
12 Juni

Kwako Xavery,

Mimi ni mzima. Mama yako amekuja kutoka Kigwa na karanga, na kabati la kemikali hapa shuleni limepata kufuli mpya.

Levina, mwalimu wa kemia aliyehamia kwetu kutoka shule yenu huko Kigoma, ameandika taratibu za usalama za maabara, nami nikapewa nizikague. Kipengele cha nne kinasema: "Maji ni mgeni, asidi ni mwenyeji. Mgeni ndiye amfuataye mwenyeji."

Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto akimimina maji kwenye asidi kali, itamrukia usoni."

Akacheka. "Jamani, nimegeuza! Xavery alinieleza vizuri, sema tulikuwa tumechoka."

Maneno hayo ya mgeni na mwenyeji uliyatunga kwa ajili yangu, mwaka ule nilipoungua mkono. Ulisema ni yetu wawili.

Nimesahihisha: asidi ndiyo mgeni. Nilitamani kuyafuta kabisa, lakini wanafunzi watayakumbuka, na macho yao yana thamani kuliko wivu wangu. Yatabandikwa ukutani, nami nitayasoma kila siku.

Wewe nijibu jambo moja tu: mlichoshwa na nini?

Mchumba wako, kwa leo,
Advera