Mafungu Manne na Kikapu

Mjukuu wangu Zainabu,

Salamu zikufikie huko mjini Pemba. Sisi huku Olumbi tu wazima, na mwanangu kaota jino, sasa anang'ata kila ambebaye. Usicheke kuitwa mjukuu na mtu aliyekuzidi miaka kumi; bibi yako ni dada yangu, ukoo ndio ulivyotaka.

Unasema x inakutesa, unataka kuacha hesabu. Mimi nilipokuwa shule, profesa wetu, mwalimu wa hesabu aliyetoka bara, Mueda, alinisimamisha ubaoni. Mafungu manne ya dagaa, bei moja, na kikapu cha bei ya metikali ishirini, jumla metikali mia. Fungu moja bei gani? Nikikosa, narudia darasa.

Nikatoa kikapu, zikabaki themanini. Nikagawa kwa tano.

"Tano imetoka wapi, binti?"

"Ukinunua manne, profesa, muuzaji anakuongezea moja. Fungu ni kumi na sita."

Akaweka chaki chini. "Huu mwaka wangu wa tatu hapa. Sijaongezewa hata dagaa mmoja."

Darasa zima likamwonea huruma.

"Kwenye mtihani hakuna nyongeza," akasema, akaandika ishirini. Lakini akanipitisha, maana njia niliijua: x ni bei ambayo hujaambiwa bado, nawe unatoa unachokijua, kinachobaki unagawa.

Usiache, mama. Jumamosi ile profesa alikuja nyumbani kuomba nimsindikize sokoni.

Bibi yako mdogo,
Mariamu