Ile tanki haikukuwa tupu

Zihalirwa, rafiki yangu, kichwa ngumu,

Naandika pole pole, unajua mi niliishiaka mu mwaka wa tano wa shule ya primere, na ule mwaka wenyewe nililala sana. Ukiona makosa, cheka tu. Huko uko hauna kazi ingine.

Bibi yako, Maman Sesilia, njo amenituma. Nilienda kumuambia kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoa sufuria ku moto ya mbabula, akasema: "Papa Birindwa, hii siyo mi ulipashwa kuambia. Muambie mwenyewe." Nikamuuliza, mutu mwenye tulizika mbele ya Pasaka nitamuambia namna gani? Akanitupia hii kaye ya kuandikia. Basi.

Kwanza habari. Kampingi-kari yako, ile gari-nyumba, ingali mu parcelle, mu kiwanja yako, chini ya muti ya avoka. Kuku ya jirani inatagaka ku kiti yako ya dereva, na inaniangalia vibaya, kama wewe. Maman Sesilia anataka kurudia kuuzisha chai ku soko ya Miti.

Unakumbuka siku ile gari ilifika? Ule Mubelgi alikuja nayo, gari yenye kitanda, jiko na robine ya maji, ikamufia ku mulima. Akakuachia wewe, fundi wa magari, akapanda ndege. Watu wakasema umepata nyumba yenye inakimbia. Mi nikasema umepata nyumba yenye inasukumwa. Na tulisukuma kweli.

Ile tanki ya maji, ya plastiki nyeupe, chini ya sakafu, mikanda mbili ya chuma imeishika. Sheria yako ilikuwa moja: tanki inasafiri tupu. "Maji iko muzito kuliko bibi-harusi," ulisemaka, "na hii barabara haina huruma." Tunapanda Miti na tanki tupu, tunaijaza kule ku chemchemi, Maman anapika chai siku muzima, jioni tunamwanga maji yenye ilibakia, tunashuka Bukavu tupu. Kumwanga ilikuwa kazi yangu. Uliniamini.

Sasa sikia. Haikukuwa inashuka tupu.

Dada yangu wa Miti anakamulaka kasiksi, ile pombe ya ndizi yenye ulikatala kuonja sababu ya tension, ile damu yako yenye inapanda. Ukiibeba mu bidon, mu dumu, ku pikipiki, inatikisika, inavimba, inakupasukia ku mugongo. Na bibi yangu, tangu aingie mu kikundi ya maombi, bidon haipite ku mulango mchana. Basi wakati unakula maharagi yako, mi namwanga maji, nafunga robine, namiminia kasiksi mu tundu ya pembeni. Tanki muzima. Tukifika, unaenda ku koro ya kanisa kuimba na ile sauti yako ya ng'ombe, mi naiondoa yote, nasafisha na maji kidogo. Kidogo sana, kumbe.

Siku ya kwanza tanki iliinama, ulilala chini ya gari ku karto, ku kipande ya boksi, ukaniita: "Birindwa, kuja uone, tumbo imeshuka." Nikasema: "Kama yako." Ulicheka. Ukaweka kriki, ile jeki, na ubao, ukainua, ukakaza bulo za mikanda. Soko yenye ilifuata, imeshuka tena. Ukaongeza mukanda ya tatu. Imeshuka. Ukasudira chuma ingine, ukaishikisha kwa moto. Imeshuka. Ukakaa ku tofali, funguo ya bulo mu mukono, ukauliza: "Kitu tupu inainama namna gani?"

Mi nikasema: "Labda mikono imezeeka, vye, muzee wangu."

Ile neno, Zihalirwa. Niliisema kwa kucheka.

Wewe uliishika. Ulifunga sanduku ya funguo zako za ufundi. Watu wakaanza kupeleka gari zao kwengine, wakakuita Fundi Tumbo, na mi nilicheka wa kwanza, kwa sababu kama ningenyamaza wangeniuliza kuna nini. Chai ikanukia ndizi, ukasugua tanki mara tatu, ukasema basi hata pua imekufa. Ule katekista wa kanisa yetu aliombaka kikombe ya pili na ya tatu, ukafikiri anapenda sukari.

Ulikaa ku kiti, unaangalia mikono yako. Kisha tension ikakubeba. Sisemi tanki njo ilikuua. Nasema ulikufa ukiamini mikono yako iliisha, na ilikuwa uongo. Uongo yangu.

Juma yenye imepita nililala mi mwenyewe chini ya gari, ku karto, magoti inalia. Bulo zako nane, hakuna hata moja ilisogea. Soudure yako haina ufa. Chuma ya gari yenyewe, ile ya kule Ulaya, njo ilikunjika. Yako iko sawa. Nilibakia pale sana. Maman Sesilia alifikiri nimekufa, akanivuta muguu. Njo pale nilimufuata ku mbabula, nikamuambia.

Nimetafuta kipande ya resori ya lori, ile springi ya chuma, nimeipitisha chini, nimeinua tumbo na kriki yako. Bulo zako sikugusa.

Jumamosi tunaondoa matanga. Watu wa parcelle muzima watakuwa, na koro, na ule katekista. Saa ya kusema maneno nitasimama. Sitafanya mizaha. Nitasema: tanki haikukuwa tupu, ni mi nilikuwa naijaza, mikono ya Zihalirwa ilikuwa mizima mpaka siku ya mwisho. Bibi yangu atakuwa mbele kabisa. Ukiona mutu anafika kwako mwanzo wa juma, anakimbia, ni mi. Unisogezee nafasi.

Kama nimepona, nitapanda Miti na Maman mu ile gari. Nitagonga ile tumbo ya tanki mbele ya watu, mara moja kwenda, mara moja kurudi, kila mutu asikie vile kitu tupu inalia. Nakuahidi. Kasiksi yangu nitaibeba ku mugongo. Ikipasuka, ipasuke.

Lala muzuri, fundi.

Birindwa