Jua la Zamu Kwa Mzee Elifasi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya kukuomba radhi, maana mwezi mzima umepita bila kukuandikia. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Shangazi unaitumia, au umeiweka kabatini uwaonyeshe wageni? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku milimani, Mama, we acha tu. Chini mjini Same jua linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha choo. Ukipanda huku juu, unakuta ukungu umejikalia barabarani. Nalala na sweta mbili na soksi.

Nimekawia kuandika kwa sababu ya paa. Unakumbuka nilikwambia kampuni yetu imeleta vigae vya sola? Unaezekea nyumba kama kwa vigae vya kawaida, ila hivi vyeusi vinafua umeme wa jua. Bosi akatafuta nyumba moja ya mfano huku milimani, aezeke bure ili watu waone. Kabla hajamaliza kusema nikanyoosha mkono: "Bosi, nyumba ninayo!" Kidomodomo changu hicho, Mama, unakijua. Nyumba yenyewe ni ya Mzee Elifasi, baba yake Nakijwa, yule binti wa duka la dawa pale Same niliyekutumia picha yake.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, ezeka. Umeme ukiwaka wiki nzima, hayo mengine uliyoyajia tutayazungumza. Usipowaka, utateremka na vigae vyako." Sikuwa nimetaja mengine yoyote!

Basi nikaezeka. Mama, hujaona mtihani kama kupanda juu ya paa la watu unaotaka wawe wakwe zako, nao wako chini wanatazama nyayo zako. Soksi iliyotoboka niliificha siku nne.

Mzee ndiye mgawa maji wa hapa. Wana ndiva, yaani bwawa la kijiji: maji ya mfereji yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, shamba la huyu kisha la yule. Aliponiuliza jua likishaingia kwenye vigae linakwenda wapi, nikajifanya mjuaji: "Baba, betri ni ndiva. Jua linajaa humo, jioni tunafungulia." Akafurahi mno. Tangu hapo akaweka kiti karibu na swichi, na anayetaka kuchaji simu anaulizwa, "Umeomba zamu?"

Jumatatu taa ziliwaka nyumba nzima. Jumanne zikafifia. Jumatano hata redio ilikohoa mara moja ikanyamaza. Kila alfajiri napanda kukagua vigae: safi. Nashuka, nashinda ndani nikifungua nyaya na kufunga nyaya, jasho linanitoka na baridi yote ile. Mzee yuko kwenye kiti chake, anatazama swichi. Mama Nakijwa yeye ananiletea makande tu, sahani imejaa, na tabasamu kubwa. "Kula, fundi. Paa lako zuri sana." Nikasema huyu mama ana huruma ya ajabu.

Alhamisi mchana nikapanda kilimani nyuma ya nyumba kutafuta mtandao nimpigie bosi. Nikageuka kutazama chini. Yesu na Maria! Upande wote wa nyuma wa paa, ndio unaopata jua zaidi, umekuwa mweupe. Nyumba imechimbiwa kwenye mteremko, na paa la nyuma linakaribia kugusa ukingo, huhitaji hata ngazi. Na pale ukingoni kasimama Mama Nakijwa na ungo, anaanika tangawizi juu ya vigae vyangu, kipande kwa kipande, bila kuacha nafasi ya kupitisha kidole. Huku tangawizi ndiyo zao lao, kama korosho kwetu. Kumbe anaanika nikishaingia ndani, anaanua kabla ya umande.

Nikampigia Nakijwa badala ya bosi. Alicheka mpaka mteja akamuuliza kulikoni. "Mama anasema vigae vyako vina moto kuliko mabati, tangawizi inakauka kwa siku mbili. Jana kwenye maombi amekusifia kanisani!"

"Basi mwambie aache."

"Mimi? Mwambie wewe, paa si lako?"

Ningemwambiaje, Mama? Mama mkwe mtarajiwa, tena anayenilisha? Nilijaribu kwa mbali. "Mama, vigae hivi vinapenda sana kuona jua." Akajibu, "Ndiyo maana vina moto, mwanangu!" Nikameza maneno nikamalizia makande.

Jumapili jioni wiki ikatimia. Mzee aliita majirani, baraza likajaa. Akainuka, akabonyeza swichi mwenyewe. Taa ikawa nyekundu kidogo, ikazima. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mzee akanitazama. "Fundi, una la kusema?"

Nililokuwa nalo lilinifika kooni. Nikamwona Mama Nakijwa ameshika upindo wa kanga yake. Nikasema, "Sina, Baba."

"Basi fungasha."

Nikainama kuokota bisibisi zangu. Nisikufiche, Mama, nilikuwa namlilia Nakijwa moyoni mbele ya kijiji kizima.

"Baba Nakijwa, ngoja kwanza." Ni yule mama, kasimama. "Jua lilikuwepo wiki nzima. Nimelitumia mimi. Nimeanika tangawizi juu ya vigae kila siku."

Mzee alikaa. Kisha akanigeukia mimi. "Ulijua?"

"Nilijua, Baba. Tangu Alhamisi."

"Na ulikuwa unaondoka hivyo hivyo?"

"Ningemshtaki vipi Mama mbele za watu?"

Mzee akajikuna kidevu, kisha akaanza kutikisika mabega. Nikadhani kaugua, kumbe anacheka. Akasema, "Anayefungulia maji nje ya zamu anatozwa faini. Mama Nakijwa, faini yako sufuria kubwa la makande, watu wote hawa wale." Makofi! Halafu akagawa jua, kwa sauti ileile ya kwenye ndiva: mbele ya paa ni ya taa, nyuma, Jumatatu na Jumanne ni ya tangawizi, siku nyingine ni ya taa, Sabato, yaani Jumamosi, jua lote ni la Mungu, mtu asiguse. "Na asiyefuata zamu," akasema, "atajibu kwa mkwe wangu."

Nikageuka nyuma kutazama huyo mkwe ni nani. Baraza zima likaangua kicheko.

Kwa hiyo, Mama, waambie wajomba wajiandae, Mzee anawasubiri baada ya mavuno ya tangawizi. Msalimie Shangazi, na umwambie soksi alizoninunulia zimeniaibisha. Msalimie dada yangu na mumewe, na yule jirani yetu wa kisimani anayesema sitaoa kamwe, msalimie mara mbili.

Nawe usiniletee habari za goti. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, na kule mteremkoni nitakubeba mgongoni. Siku ile waliponicheka nami nilicheka, lakini macho yalikuwa yanakutafuta wewe pale barazani, na hukuwepo.

Ni mimi mwanao,
Bosko