Mikenge Niliyoing'oa Ukiwa Misani

Baba yangu, shikamoo.

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya kahawa yetu hapa Matombo, maana nyumbani wajukuu zako hawampi mtu nafasi ya kuwaza. Mvua za vuli hazikuja tena mwaka huu. Kahawa ilichanua, maua yakapukutika, ikachanua tena, yakapukutika tena. Matunda machache yaliyoshika yamekaukia mtini, meusi, madogo, ukiyaminya hayatoi kitu. Ungeyaona ungenyamaza, na kunyamaza kwako kulinitisha kuliko fimbo.

Unakumbuka mwaka tuliohamia huku? Kiwanda cha mjini kilikuwa kimeuzwa, mkapunguzwa kazini wewe na wenzako, tukapakia magodoro kwenye lori tukaja kwao mama. Siku hizo ushirika ulikuwa umelegea. Wanunuzi binafsi walipanda mlima na mizani zao, na kila mtu alitaka kuvuna kahawa nyingi upesi. Majirani wakakata miti mikubwa ya shambani, wakapasua mbao, wakasema kahawa ipate jua. Na sisi tukakata. Wewe mtu wa Bukoba, uliyezaliwa ndani ya kahawa, ulizunguka shamba lote mikono ikiwa nyuma, kisha ukamuuliza mama, "Hivi ninyi kahawa yenu mnaianika kabla haijaiva?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinuna. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, najua kila kitu.

Nilijua pia mila. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume aliyeoa huku analima mahindi, anavuna, anakula na wanawe, hakuna anayemsumbua. Mti wa kudumu hapandi, maana mti unakaa, na aliyeupanda kesho anaweza kusema hapa ni pangu. Akitaka kupanda, mtu wa ukoo amwombee kwa mjomba anayeshika ardhi.

Ulinifuata nikiosha vyombo. "Mwanangu," ulisema, "nimeotesha miche ya mikenge kwenye makopo. Jua la siku hizi silo lile la mwaka niliomwoa mama yako. Kahawa hii bila kivuli haifiki mbali. Niombee kwa mjomba wako. Nikisema mwenyewe wataona nataka shamba, na mama yako akisema wataona nimemtuma."

Nilikujibu, "Nitamwambia."

Sikumwambia. Kule mtoni wanawake walikuwa wameshaanza maneno yao, kwamba mume wa kuja ana miche nyuma ya nyumba, anajiandaa kujimegea. Niliona aibu, Baba. Niliona aibu ya kuitwa binti wa mtu wa kuja, wakati mimi ndiye mwenye ardhi. Uliponiuliza tena nikasema nimemwambia, bado anafikiri. Uliponiuliza mara ya tatu nikasema amekubali, ili tu uniache.

Basi ukapanda. Mvua ya kwanza ilipolainisha udongo ulichimba mashimo kati ya mistari ya kahawa, ukatandaza majani ya migomba kuzunguka kila mche, ukiimba kwa Kihaya. Sijawahi kukuona na furaha kama ile tangu utoke kiwandani. Nami nikashikwa na hofu. Mjomba akipita shambani uongo wangu utatoka hadharani.

Jumapili iliyofuata nilisema kichwa kinaniuma. Mlipokwenda misheni kwenye misa, nikang'oa miche yote, mmoja mmoja. Haikunichukua muda, udongo ulikuwa bado laini.

Uliporudi ulisimama pale na suti yako ya Jumapili. Hukuuliza nani. Ulisema tu, "Kumbe wamebadili mawazo." Ulidhani ni ukoo. Nami nilisimama karibu yako, kucha zikiwa bado na udongo, nikakuacha udhani hivyo.

Mwezi haukuisha ukashuka mjini, ukapanga chumba Kihonda, ukapata kazi ya kulinda karakana. Ulisema mtu hawezi kuishi mahali ambapo hata mche wake haukubaliwi. Mama alibaki na ardhi yake. Alikuwa akishuka kukutembelea na mkungu wa ndizi, kisha anarudi shambani. Tulikuzika bila mimi kufungua mdomo.

Mwaka jana bibi shamba alikuja, msichana mdogo tu. Alisema mvua haziaminiki tena, joto linapanda mlima, kahawa ipewe kivuli na udongo ufunikwe majani ushike unyevu. Wenzangu walimwuliza maswali mengi. Mimi sikuwa na swali. Yote nilishayasikia, nikiosha vyombo.

Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu, ni Mgogo. Alijitolea kuotesha miche. Safari hii nilikwenda mwenyewe kwa mjomba, amezeeka lakini kichwa chake bado kizima. Nilimkuta na wazee wengine wa ukoo. Nikamwombea kijana wangu ruhusa ya kupanda mikenge. Mjomba hakumaliza hata kikombe chake cha chai. Alisema, "Miti ya kivuli? Apande. Atamke tu mbele yetu kwamba shamba ni la ukoo. Hilo nalo la kuitia kikao?"

Wazee wakaitikia, yakaisha. Kisha akanigeukia. "Baba yako naye alikuwa mtu wa kahawa. Nilingoja mtu aje kumwombea, hakuja. Halafu akatuhama bila kuaga. Mpaka leo sijui tulimkosea nini."

Nilisema yote, Baba, mbele yao, nimesimama. Mjomba alivua kofia yake akaiweka magotini.

Mikenge ya mkwe wangu imefika kiunoni. Sijui kama itawahi kuiokoa hii kahawa ya zamani. Nusu ya mashina tumeshayang'oa, yamekufa. Lakini sikukuandikia kwa ajili ya kahawa. Nimekuandikia kwa sababu ulikufa ukiamini kwamba watu wa kwao mama walikukataa.

Hawakukukataa, Baba. Hawakuwahi hata kuulizwa. Aliyekukataa ni mimi.

Mimi,
binti yako uliyemtuma